Niliomba Maji, Baba Akadhani Nimeita Fundi

Mimi ni kijana wa miaka ishirini, mzaliwa wa Mbumbuni. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne tu. Naandika polepole, na kurasa hizi zimenichukua siku nyingi. Nikimaliza mistari mitano nasimama, nazunguka nyumba, narudi, nakaa, nasimama tena... Siwezi kutulia. Tangu mambo haya yatokee sijatulia hata siku moja.

Wasomaji wenzangu, haya sikusimuliwa na mtu. Niliyafanya mimi mwenyewe!

Tangu utotoni mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu aliponiuliza jambo ninalolijua, ulimi ulikauka. Wageni walipokuja nyumbani nilikwenda kukaa zizini na mbuzi. Mama, ambaye sisi Wakamba tunamwita mwaitu, alikuwa akinicheka kwamba siku ya kuposa nitatuma barua, mwenyewe nibaki nyuma ya ghala.

Miaka miwili baada ya nzige kumaliza mashamba yetu, Baba na mdogo wake, Mutua, waliuza karibu ng'ombe wao wote wakanunua lori. Halikuwa jipya. Bodi yake ya mbao ilikuwa imepakwa rangi mara mbili, na kiti cha dereva kilikuwa kimechanika, manyasi yakitokeza. Lakini Baba Mdogo Mutua alijua kuendesha, alifundishwa kwenye shamba la mkonge, na alipozungusha hendeli ya kuwashia lori likanguruma, Baba alivua kofia kama yuko kanisani.

Mwenye kuliuza alikuwa Bwana Farah, Msomali wa Kibwezi, mfanyabiashara wa mifugo na wa magari makuukuu. Siku ile alitoa ahadi mbele ya watu. Alisema kwamba mpaka mvua za masika zianze, kitu chochote kikiharibika atamleta fundi wake hadi Mbumbuni, bila kudai hata kuku. Ila lazima apelekewe habari.

"Mimi si mchawi, Mzee Yohana," alimwambia Baba akicheka. "Lori likilia huko kwenu, mimi huku sisikii."

Wiki ya tatu breki zikaanza kulegea. Lori likisimamishwa lilikuwa likienda kwanza hatua kadhaa, kama punda mkaidi. Baba akaniita. Alinitajia maneno, nami nikayaandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Akaikunja barua mwenyewe akanipa.

"Shule yako leo imepata kazi," aliniambia. Alikuwa na furaha kweli.

Nilitembea mpaka stesheni nikapanda gari la moshi. Njia nzima niliyarudia maneno: Bwana Farah, nimetumwa na Mzee Yohana wa Mbumbuni... Nilifika Kibwezi nikaikuta yadi yake, malori yamepangwa, mafundi wamelala chini ya magari, vijana wamekaa juu ya magurudumu. Nilisimama mlangoni. 

"Tazama huyu," kijana mmoja alisema. "Mkamba ameleta asali!"

"Asali gani? Huyu amekuja kununua treni!"

Wakacheka. Si kicheko kibaya, sasa najua hivyo. Lakini siku ile niliona kama ngozi inanitoka. Kisha Bwana Farah mwenyewe akatoka ofisini, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kijana, unataka nini?"

Barua ilikuwa mkononi, chini ya shati. Nilifungua mdomo.

"Naomba maji, Bwana."

Maji! Jamani, niliomba maji! Akaniletea kikombe cha bati, nikanywa nikiwa nimesimama, nikashukuru, nikaondoka. Nilizunguka soko la Kibwezi mara tatu, nne, nikijiambia sasa narudi, sasa naingia... Gari la moshi likapiga honi. Nikapanda.

Nyumbani Baba aliniuliza kabla sijaketi. Nikasema Bwana Farah ameipokea barua, ila fundi amesafiri, atakuja baada ya Jumamosi. Uongo ulitoka laini kabisa. Mimi nisiyeweza kusema kweli mbele ya watu, niliweza kusema uongo mbele ya baba yangu! Barua niliiingiza ndani ya kiti cha lori, kati ya manyasi, maana nyumbani mwaitu hufagia kila pembe.

Jumamosi ikapita. Fundi hakuja. Baba akaandikisha barua ya pili. Safari hii hata mlangoni sikufika. Niliketi ng'ambo ya barabara mpaka jua likawa kali, nikarudi na uongo wa pili, na barua nayo ikaenda kwenye manyasi.

Baba Mdogo sasa alitaka kwenda mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia akiacha kazi, wateja wa soko la Mukuyuni watachukuliwa na mikokoteni ya ng'ombe. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo.

Barua ya tatu... Barua ya tatu ndiyo inayoniamsha kila alfajiri. Niliifikisha mpaka ndani ya yadi, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini Bwana Farah hakuwepo. Fundi mmoja alikuwa akizungumza na mwenye motokaa nyingine. Nilisikia akimwambia kwamba breki za gari lake ni nzima, ni hewa tu, kabla ya mteremko akanyage breki mara mbili. Nikasimama nikisikiliza. Kisha nikageuka nikaondoka na barua yangu.

Na mnajua niliwaambia nini nyumbani? Niliwaambia fundi amejibu. Ni hewa tu, akanyage mara mbili. Hakuna hatari.

Baba Mdogo alinipiga begani kwa furaha. Kumbe ni jambo dogo hivi!

Siku ya soko aliniita nipande naye. Nikasema tumbo linaniuma. Mwaona? Nilijua! Ndani yangu nilijua, na bado nilimwacha aende.

Kwenye mteremko wa Mukuyuni, lori limejaa magunia ya kunde na mbaazi, breki hazikushika. Aliwapigia kelele abiria waruke, wakaruka, wakaumia kidogo. Yeye hakuruka. Aliligongesha kwenye ukingo wa udongo lisiwafikie watu wa sokoni waliokuwa chini. Mguu wake wa kushoto ulisagwa. Hospitali ya misheni wakaukata chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona, alinishika mkono. Unajua aliniambia nini, msomaji?

"Kioko, mwanangu, nilikanyaga mara mbili."

Nilitoka nje nikatembea mpaka miguu ikavimba. Na hata hapo sikusema!

Mvua zikaanza. Ng'ombe wakalikokota lori mpaka kando ya soko la Mbumbuni. Baba, mtu mpole, akawa kama moto. Alikwenda kwa chifu akashitaki kwamba Bwana Farah alipelekewa habari mara tatu akazipuuza, na kwamba fundi wake alitoa shauri lililomkata ndugu yake mguu. Chifu akamwita Bwana Farah. Wazee wa baraza wakaketi palepale karibu na lori, Baba Mdogo kwenye kigoda, mkongojo umelala kando yake.

Bwana Farah alisema hakuona barua hata moja. Akasema yuko tayari kuapa kwa Msahafu. Baba akasema ataapa kwa Biblia. Na wote wawili walikuwa watu wa kweli! Ni mimi peke yangu niliyelijua hilo, nimesimama nyuma ya watu, nikihamisha uzito mguu huu na mguu huu kama mtu anayekanyaga makaa.

Wazee wakashauriana. Wakasema Biblia na Msahafu hawawezi kuvipima, hivyo mshitaki ale kithitu. Wasomaji wa mbali, kithitu ni kiapo chetu cha zamani. Anayekila kwa neno la uongo hufa, na nyumba yake humfuata. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akikigusa tu, kanisa linamtoa.

"Leo mlokole anarudi kwa babu zake!" mzee mmoja akatania, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. Alivua koti. "Nileteeni," alisema. "Mimi nitaogopa nini? Nilimtuma mwanangu mara tatu, na mwanangu hasemi uongo."

Kithitu hakiulizi kama ulijua au hukujua. Nilimwona baba yangu akikunja mikono ya shati...

"Barua zimo ndani ya kiti."

Watu wakageuka kutafuta aliyesema. Hata Baba aligeuka huku na huku, maana hakuwahi kusikia sauti yangu mbele ya watu.

"Zimo kwenye kiti cha lori," nikasema tena. "Sikuzifikisha."

Mtu mmoja akapanda kwenye lori, akatoa manyasi kwa mkono, akarudi na karatasi tatu zilizokunjwa. Bwana Farah alinitazama muda mrefu.

"Wewe! Wewe ndiye kijana wa maji!"

Akanirudishia zile karatasi. Akasema barua ni zake, basi nimsomee. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Ya tatu niliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari: Bwana Farah, salamu. Breki hazishiki kabisa. Ndugu yangu ana watoto wanne. Tafadhali leta fundi kabla ya siku ya soko.

Baba Mdogo akauliza polepole, "Na ile ya kukanyaga mara mbili... nani alisema?"

"Ni mimi, Baba Mdogo."

Alitazama mguu wake uliobaki.

Baba alivaa koti lake, kifungo kwa kifungo, akamwomba Bwana Farah msamaha mbele ya watu wote. Mzee wangu! Kwa kosa langu! Bwana Farah akamshika mkono. Akasema ahadi yake iliisha tangu tone la kwanza la mvua, hadaiwi kitu. Halafu akanigeukia mimi.

"Siku ile uliomba maji, nikakupa. Leo omba ulichotumwa."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nililia, makamasi yakanitoka, lakini nilisema mpaka nyuma wakasikia: "Bwana Farah, nimetumwa na Mzee Yohana wa Mbumbuni. Breki ni mbovu. Naomba fundi."

Fundi alikuja juma lile lile. Kazi ya siku mbili! Siku mbili tu, na breki zikashika kama mpya.

Siku hizi lori linaendeshwa na mtu wa Mukuyuni. Baba Mdogo hukaa mlangoni akisuka kamba. Tunazungumza naye, hanichukii, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Lori likipita likiteremka, nauona mguu wake wa kulia ukikanyaga udongo... mara mbili. Nadhani mwenyewe hajui.

Baba naye hajanituma popote tangu siku ile. Hata chumvi dukani humtuma dada yangu mdogo.

Ninyi wenzangu wenye haya kama mimi, nawasihi. Ukitumwa neno, lifikishe. Wacheke, wakutanie, sauti ikatike, ulie kama nilivyolia, lakini liseme. Na kama umeshindwa, rudi nyumbani useme, "Nimeshindwa, mtumeni mwingine." Maneno hayo matatu yangetosha. Baba yangu angekasirika mpaka jioni, kisha angekwenda mwenyewe. Na Baba Mdogo leo angekuwa anatembea kwa miguu miwili.