Mvuto Mmoja wa Ziada

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaoshika spana, sogeeni niwaambie. Sisemi haya kwa raha. Lakini nikinyamaza, kesho yatamfika mwingine, naye huenda asipate wa kumtoa.

Mchana ule nyumbani kwetu kulikuwa kumetulia. Mimi naanika mashuka, mkwe wangu ameketi kizingitini anamsuka binti yake, mjukuu wangu tunayemwita Pilipili kwa sababu hata ukimchekesha hukasirika. Uani, chini ya bati, mwanangu alikuwa na injini ya gari la marehemu baba yake. Gari la zamani hilo, la milango miwili, mataa ya mviringo kama macho ya bundi. Baba mtu alilipenda mpaka nilikuwa namwambia, "Ungelioa hilo, mimi ningepumzika." Alipofariki likabaki chini ya turubai miaka na miaka, mpaka kijana aliposema atalifufua.

Na uwezo alikuwa nao. Hapo nisikilizeni vizuri. Mwanangu si fundi wa kubahatisha, amejifunza kazi na akaijua. Aliwahi kunieleza mwenyewe: "Mama, bolti ni kama mpira wa sketi. Ukiuvuta kiasi, unabana kiuno. Ukiuvuta kupita kiasi, unalegea na haurudi tena. Ndiyo maana kuna spana ya kipimo. Ikifika inalia tik. Ikilia, unaacha." Akanieleza pia kwamba bolti hazikazwi kwa pupa. Unazikaza zote kidogo, unazirudia, ndipo unamalizia, ili chuma kikae sawa bila kupinda. Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Alichokosa ni kingine.

Mwanangu alikuwa na ugonjwa wa kutazamwa. Mtaani walimwita Fundi Laivu, maana hafungui hata kizibo cha oili bila kuegesha simu juu ya kigoda na kujirusha mtandaoni. Watu wanaangalia, wanamwandikia maneno, yeye anayasoma kwa sauti huku anafanya kazi. Wakimsifu, uso unang'aa. Wakimkejeli, hata chakula hakipiti.

Mchana ule alikuwa anafunga konrodi, yaani vile vyuma vinavyoshikilia pistoni kwenye shafti kubwa ya chini. Kila kimoja kina kofia yake, na kofia inashikwa na bolti mbili tu. Ikiachia moja, kile chuma kinazunguka ndani ya injini kama kichaa mwenye rungu.

Spana ikalia tik. Akaacha. Ikalia tena tik. Akaacha. Mara akasoma kwenye simu, kicheko kimemkauka mdomoni:

"Eti, 'Huyu ni fundi au msusi? Mikono laini!'"

Mkwe wangu akadakia, "Msusi ni mimi hapa, njoo tubadilishane."

Hakucheka. Akaisogelea simu. "Laini? Haya, tazameni." Spana ikalia tik, naye hakuacha. Akaongeza mvuto mmoja wa mwili mzima, mishipa ya shingo ikamsimama.

Mimi injini siijui, ila uso wa mwanangu naujua. Uso ule ulibadilika. Baadaye sana alikuja kuniambia kwamba bolti, badala ya kuzidi kuwa ngumu, ililainika mkononi kama kitu kinachoyeyuka. Alijua palepale kwamba imevutika na ni ya kutupa.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Mkewe akaacha kusuka. "Kama imeharibika, fungua uweke nyingine."

"Watu wanaangalia!" akamnong'oneza, meno yamekutana. "Nifungue sasa, waseme nini?"

"Si watasema umefungua."

"We suka nywele."

Akahamia kwenye bolti inayofuata.

Gari likakamilika, na Jumapili moja likatoka nje linang'aa. Majirani wakaja getini kushangilia. Simu akaibandika kwenye dashibodi. Mkewe akakaa mbele, mimi na Pilipili tukaingia nyuma. Na gari la milango miwili, jamani, lina hatari yake: aliye nyuma hana mlango. Hatoki mpaka kiti cha abiria cha mbele kikunjwe, maana hilo letu kiti cha dereva hakikunjiki.

Kwenye barabara ya tambarare lilikwenda kama maji. Tulipoanza kupanda mlima ndipo nikausikia mlio. Ko. Ko. Ko. Kama mtu amefungiwa chini ya boneti anabisha.

"Mwanangu, nini kinagonga?"

"Injini imefungwa upya, Mama. Inajizoeza."

"Inajizoeza kwa kubisha hodi? Simamisha."

Nyuma yetu lori kubwa linapiga honi. Kwenye simu maneno yanapanda mbiombio: kanyaga, fundi, kanyaga! Mkewe akamshika bega.

"Baba Pilipili, Mama amesema simamisha. Na mimi nasema simamisha."

"Nitasimama pale juu. Wanataka kuliona likipanda."

Akakanyaga.

Sijui nielezee vipi sauti ile. Ni kama mtu amepiga sinia la chuma kwa nyundo ndani ya sikio langu. Bolti ilikatika, konrodi ikatoboa injini ubavuni, oili ikamwagikia bomba la moshi ambalo lilikuwa limeshapata moto kama jiko. Kwanza moshi mweusi. Kisha ulimi wa moto ukachungulia chini ya dashibodi, miguuni kwa mkwe wangu.

Mwanangu akavuta breki ya mkono. Mkewe akaruka nje, akageuka kukunja kiti ili tutoke. Kiti hakikukunjika. Kitasa chake kilikuwa kimekwama. Anavuta, anapiga mateke, analia, "Mwanangu! Mwanangu!" Mimi nimemkumbatia mtoto kifuani, moshi umejaa, hata yeye niliyemshika simwoni. Nilitaka kumwomba Mungu, maneno yote yakanipotea. Pilipili hakulia. Hilo lilinitisha kuliko moto wenyewe.

Ndipo nikauona mkono. Mwanangu alikuwa amepiga magoti juu ya kiti chake, mkono wa kulia ameuegemeza kwenye dashibodi inayoyeyuka, wa kushoto ameunyoosha kwangu.

"Mama, nipe mtoto! Nipe!"

Nikamsukuma juu ya kiti kama mzigo. Akampokea, akampitisha nje kwa mama yake, akarudi. Akarudi ndani, nawaambia! "Sasa wewe. Jilaze juu ya kiti nikuvute." Gauni likanasa, akalichana. Nikaangukia kokoto za kando ya barabara. Dereva wa lori akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akaulenga mlangoni mpaka mwanangu naye akatoka.

Mtoto akakohoa, kisha akalia kwa hasira zake zote. Sijapata kusikia kilio kitamu namna ile.

Sote tuko hai. Lakini mkono ule wa kulia ulikuwa umeshikamana na plastiki ya moto. Madaktari wamejitahidi, vidole havikunjiki. Spana haishikiki. Na Pilipili sasa ukimsogeza karibu na gari lolote anatetemeka na kujikojolea, kwa hiyo kliniki tunampeleka kwa miguu.

Na wale watazamaji? Tukiwa wodini mkwe wangu alifungua ukurasa wa mumewe, akidhani atakuta neno la pole. Wa kwanza kabisa alikuwa ameandika, "Hii kali kuliko zote! Sehemu ya pili lini?" Akamsomea. Mwanangu akageukia ukutani.

FUNZO

Ndugu zangu, sifa za watu ni tamu, lakini mwenye kukusifu hakai nawe ndani ya gari. Wewe fundi, spana ikilia, ondoa mkono. Mtu akikukatiza katikati ya kukaza, legeza uanze upya. Bolti ikilainika mkononi, itoe uitupe, hata kama dunia nzima inakutazama, maana bolti haijui kwamba uko laivu. Na wewe uliye kwenye usukani, mama yako au mke wako akisema simamisha, simamisha hapohapo, usingoje kufika juu ya mlima. Nasi wazazi, mtoto akiwa na kiu ya kushangiliwa, tusimchekee tukidhani ni ujana utapita.

Aibu ya kufungua kazi mbele za watu huisha kabla ya chakula cha jioni. Kwetu sisi, kila asubuhi mke anamfunga mumewe vifungo vya shati, naye anatazama pembeni.