Simu Mbili kwenye Meza ya Fundi

"Usitikisike, nitakuchoma."

"Nimesimama kama nguzo, wewe kazi yako kunitisha tu."

Nesi alikuwa juu ya stuli katikati ya chumba cha ushonaji, gauni la harusi limebanwa pini kuanzia kwapani hadi nyongani. Fundi, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa amepiga magoti akipima pindo, pini nyingine kazibana midomoni. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nesi alikuwa anaingia zamu asubuhi hiyo, kwa hiyo walianza kujaribisha mapema, kabla mteja yeyote hajagonga mlango.

Mezani, kando ya mkasi na futi ya kupimia, simu zao mbili zikalia kwa pamoja.

"Huyo ni Mwalimu wangu," Nesi akasema, uso umemchanua. "Nisomee, mimi mikono haishuki."

Mwalimu ndiye bwana harusi. Alikuwa akifundisha kompyuta jioni, darasa la watu wazima wanaoanza kuandika programu, na Nesi alikuwa mwanafunzi wake kabla hajawa mchumba wake. Tuseme ukweli, hakuwa mwanamume wa kugeuziwa shingo barabarani. Kilichomvuta Nesi ni ujumbe wa asubuhi. Yule mpenzi wake wa zamani alikuwa anapotea wiki nzima, halafu anarudi kuuliza kumepikwa nini. Mwalimu hakukosa asubuhi hata moja. Nesi alikubali kuolewa kwa sababu hiyo, na hakuona haya kumwambia yeyote.

Fundi akatema pini kiganjani, akaichukua simu.

"'Umeamkaje, jina_la_mpenzi? Nimeliota tena tabasamu lako. Kula kabla ya kazi, maana ukiugua wewe, naugua mimi.'"

"Soma vizuri. Umeamkaje nani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Jina, kistari, la, kistari, mpenzi."

Nesi akaangua kicheko, pini zikamkumbusha atulie.

"Jana mimi nimefanya kosa hilohilo. Alitufundisha fanksheni. Unaandika maagizo mara moja, unayapa jina, umemaliza. Siku nyingine huandiki tena, unaita lile jina tu na kuipa kile kinachobadilika. Mimi nikatengeneza yangu ya kukaribisha wagonjwa, imtaje kila mmoja kwa jina. Kumbe pale pa kuweka jina nimepafungia ndani ya alama za kunukuu. Kompyuta ikadhani hilo ndilo neno lenyewe. Nikaipa majina ya wodi nzima, ikawaambia wote 'Karibu, jina la mgonjwa'. Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu akasema hilo ni kosa la mtu aliyewasha kompyuta jana."

"Basi na yeye amekosea. Geuka kushoto."

Nesi hakugeuka. Kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni.

"Kumbe haniandikii. Inaniandikia mashine."

"Mwanamume ana shughuli zake, usianze."

"Hilo nalimeza. Lakini fanksheni unaiachia nafasi ya jina kama majina yanabadilika. Kama mpenzi ni mmoja, nafasi ya nini? Si angeandika jina langu moja kwa moja?"

"Bibi harusi ukiwaza hivyo utakonda, na mimi kiuno nimeshakikata."

"Na yako imelia. Nani huyo?"

"Mteja. Anaulizia sketi yake."

Hapo simu zikalia tena, zote mbili, kwa pamoja. Fundi akaruka kuiwahi ya kwake, na huko kuruka ndiko kulikomponza. Mtu haruki namna ile kwa sababu ya sketi. Nesi alishuka stuli, pini zikamchoma mbavuni, hakujali. Yeye alikuwa wima na mwenzake yuko magotini, kwa hiyo akawahi kuzinyakua zote mbili.

Kwenye kioo cha simu yake: "Umeamkaje, Nesi wangu? Nimeliota tena tabasamu lako."

Kwenye kioo cha Fundi: "Umeamkaje, Fundi wangu? Nimeliota tena tabasamu lako."

Mwalimu alikuwa ameona kosa lake, akalisahihisha, akatuma upya. Bwana ana utaratibu wake.

Nesi akazilaza simu mezani, moja kando ya nyingine, ili Fundi naye asome. Fundi akasoma. Kilichomtoka hakikuwa samahani.

"Mwongo yule. Aliniambia wewe ndiye unaandikiwa na mashine. Mimi ananiandikia mwenyewe."

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilishatoka.

"Rudia," Nesi akasema.

"Sikumaanisha..."

"Ulijua kuwa naandikiwa na mashine. Kila asubuhi nakusomea ujumbe wangu, unaniambia nina bahati. Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Jumamosi, wakati unanifunga zipu?"

Nesi aliumia, tena aliumia vibaya, kwa sababu Mwalimu alimjua juzi tu, lakini huyu walikuwa wamekula sahani moja tangu meno ya utoto. Alijikaza kisabuni, akapiga simu, akaweka spika.

"Nesi wangu," sauti ya Mwalimu ikaja, laini. "Ujumbe umeupata?"

"Nimeupata. Umeniandikia mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa vidole hivi. Leo nimechelewa kidogo kwa sababu nilikuwa natafuta maneno."

"Na Fundi umemtafutia?"

"Fundi gani?"

"Fundi gani, Mwalimu?" Fundi mwenyewe akadakia, sauti imempasuka. "Hebu sema, Fundi gani?"

"Mko pamoja?"

"Tuko pamoja," Nesi akasema. "Ananipima gauni la kuolewa na wewe."

"Mpenzi, acha nieleze. Ile programu nimeiandika kwa ajili yako. Huyo ilikuwa... ilitokea tu. Harusi ipo palepale, watu wameshaalikwa."

"Sitaki maelezo. Niambie kitu kimoja ambacho hujawahi kumwambia yeye. Kimoja tu. Ukikipata, tuzungumze."

Na hapa msimcheke. Alikuwa anampenda bado. Alikuwa amesimama pale pini zimemwingia mwilini, anaomba kimoyomoyo yule mwanamume apate.

"Tabasamu lako..."

"Ameniambia," Fundi akasema.

"Ukiugua wewe..."

"Ameniambia."

Mwalimu akavuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, kama mtu aliyeacha kuigiza.

"Nikiwa na wewe, sitamani kuwa mahali pengine popote."

Nesi alimgeukia Fundi. Fundi alikuwa kimya. Sekunde zikapita, bado kimya, na moyo wa Nesi ukaanza kunyanyuka wenyewe bila ruhusa yake.

Kisha Fundi akainamisha kichwa.

"Hiyo alinitumia siku tunamzika mama."

Nesi aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amemkumbatia Fundi kuanzia makaburini hadi giza likaingia, akimfuta machozi kwa khanga yake. Mwalimu alikuwa nyuma na wanaume wengine, kainamia simu. Nesi alimshukuru jioni ile kwa kuja kumzika mama wa rafiki yake.

Akakata simu bila kuaga.

"Nitolee pini," akasema.

Fundi alizitoa moja moja, na kila pini ilipotoka alisema nisamehe, hadi neno likawa halina maana tena. Gauni likaanguka sakafuni. Nesi akavaa sare yake nyeupe, akafunga vifungo, akachukua mkoba.

"Gauni nilifanye nini?" Fundi akauliza.

"Mimi na wewe tuna viuno sawa."

"Usiseme hivyo. Mimi naye basi. Naapa kwa kaburi la mama, simtaki tena."

Simu ya Nesi ikaita. Mwalimu. Akaiacha iite mpaka ikachoka. Halafu ikaanza ya Fundi. Wanawake wawili wakaitazama ikitambaa mezani kwa mtikisiko.

"Sipokei," Fundi akasema.

Nesi akafungua mlango, akatoka, akauvuta nyuma yake. Hakwenda mara moja. Alisimama kibarazani akivaa viatu, na simu ndani ikaita, ikaita, kisha ikanyamaza katikati ya mlio. Sauti ya rafiki yake ikapita dirishani, ya chini, ya kunong'ona.

"Haloo. Ndiyo. Ameshaondoka."