Adhana ya Mto wa Sufi

Asubuhi ya siku ya nane, bi Sumaia alikuta mto wa sufi umelowa. Haukulowa wote. Ulilowa katikati tu, doa la ukubwa wa kiganja. Akatazama juu. Bati lilikuwa zima, na mvua haikuwa imenyesha Palma tangu mwezi uliopita. Akaunusa mto. Ulinuka maziwa yaliyoanza kuchacha.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtoto wala maziwa. Mtoto alikuwa hospitali, juu ya kifua cha mama yake, Zuleica. Alizaliwa njiti, gramu elfu moja na mia tatu, na muuguzi Delfina alisema hatatoka mpaka afike elfu moja na mia nane. Mkononi alifungwa utepe ulioandikwa kwa Kireno: mtoto wa Zuleica. Jina lake mwenyewe halikuwamo. Hospitali haikulihitaji.

Nyumbani lilihitajika. Baba wa mtoto, Abdurremane Suleimane, seremala, alikuwa mwana pekee wa marehemu Suleimane Amade, aliyefia ukimbizini mwaka ambao watu wa Palma walikimbia vita. Mjane wake, bi Sumaia, alirudi baada ya miaka miwili akiwa na jambo moja moyoni: jina la mumewe lirudi chini ya bati lile. Kwa hiyo siku ya saba ilipofika na mtoto bado yuko hospitali, hakukubali ipite.

"Siku ya saba haingoji mizani," alisema.

Mwalimu Chaquir wa madrasa, ambaye ndiye angeulizwa, alikuwa kijijini Nhica kwenye msiba. Bi Sumaia akauviringisha mto wa sufi katika kanga mpya, akaulaza kwenye kitanda kidogo alichokichonga Abdurremane, akamwambia mwanawe auadhinie badala ya mtoto.

Majirani walicheka. Atija, wa nyumba ya pili, akauliza, "Fundi, sikio la kulia la mto liko wapi? Usije ukamwadhinia kisogoni!"

"Koma wee Atija, huyo mume wangu. Wivu tu unakusumbua," bi Sumaia alijibu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na wanawake wakacheka zaidi.

Abdurremane, akiona haya, aliinama. Alisoma adhana upande wa kulia na ikama upande wa kushoto, kisha akatamka jina mara tatu: Suleimane, Suleimane, Suleimane. Wali ukaliwa, watu wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kuufungua mto ule kutoka kwenye kanga.

Sasa bi Sumaia aliuanika juani. Jioni aliurudisha ukiwa mkavu. Kesho yake ulilowa tena.

Abdurremane hakushughulika na habari ya mto. Alikuwa na chumba cha kutengeneza. Delfina alimwagiza kwamba chumba kiwe na joto lakini kisiwe na moshi, upepo usipenye, na watu wasiingie ovyo. Aliziba nyufa kwa udongo, akapaka chokaa, akatundika pazia zito mlangoni. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, mama yake akiwa sokoni, alikuwa amepiga magoti akisugua dirisha kwa msasa aliposikia pumzi nyuma yake.

Aliijua pumzi ile. Aliisikia hospitali kila alipokwenda: fupi, ya haraka, halafu inakatika ghafla, kwa sababu mtoto njiti husahau kupumua, na mama yake humkwaruza unyayo ili akumbuke. Hapa chumbani, mchana mweupe, pumzi ilikwenda, ikaenda, ikakatika. Abdurremane alibaki na msasa mkononi, akihesabu bila kutaka, na moyo ukimdunda kama unavyomdunda wodini, mpaka pumzi iliporudi, naye akashusha pumzi yake mwenyewe kwa shukrani, na ndipo alipotambua kwamba alikuwa ameushukuru mto.

Alitoka nje bila kugeuka.

Hospitali, alasiri hiyo, Delfina alikuwa amekunja uso. "Ananyonya, lakini haendi mbele. Juzi alipungua gramu ishirini. Jana thelathini."

Zuleica alimfunua mtoto kidogo kutoka ndani ya kapulana, kitambaa kilichomfunga kifuani. Uso ulikuwa mdogo na mkavu kama wa mzee. "Namwita mchana kutwa," alisema kwa sauti ya chini. "Suleimane, Suleimane. Mwanzo alikuwa anageuza uso. Siku hizi, mume wangu, ni kama simwiti yeye."

Abdurremane alirudi nyumbani kwa miguu. Alifika jua limeinama magharibi. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani, akausukuma kwa bega mpaka komeo likang'oka. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, blauzi wazi, na mto umefungwa kifuani pake kwa kapulana, ngozi kwa sufi, vile vile Delfina alivyowafundisha.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

"Mama, fungua hicho kitu."

"Analia, baba. Tangu siku ya nane analia. Wewe uko kazini, huna habari. Nikimwita jina lake ananyamaza." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ningefanyaje? Analia kama mtoto."

Abdurremane aliushika mto ili auondoe. Sufi haina uzito. Mto mzima mtu huuinua kwa vidole viwili. Huu ulimvuta mikono chini, ulikuwa na joto, na mahali alipoushika palikuwa laini kwa namna ambayo sufi hailainiki, na chini ya kidole gumba, pole pole, kitu kilijigeuza upande wa pili na kuendelea kulala.

Mwalimu Chaquir alirudi kutoka Nhica jioni ile, akaja na vumbi la safari. Hakuingia chumbani. Aliuliza akiwa kizingitini.

"Nani aliadhini?"

"Mimi, mwalimu."

"Juu ya nani?"

Abdurremane alinyoosha kidole kwenye mto.

"Nyumba hii ilikaa miaka miwili bila mtu," alisema mwalimu. "Mlidhani haikupata mkazi? Alikuwa pembeni, hana haki ya chochote. Wewe ukampa jina, ukampa baba na bibi. Hakuiba. Alipewa."

"Na mwanangu?"

"Jina moja halilishi wawili. Sasa sikiliza, na uufuate mpango huu. Kinywa kilichotoa ndicho kitakachotwaa. Lakini ukilitwaa jina, linawatoka wote wawili kwa pamoja. Kwa hiyo anza hospitali. Mwadhinie mwanao sikioni, umpe jina jingine. Pumzi ifike, simu haina pumzi. Kisha ndipo urudi umnyang'anye huyu. Usigeuze, Abdurremane. Asiye na jina hutafuta pa kuingia, na mtoto asiye na jina ni mlango usio na komeo."

Usiku kucha Abdurremane alichagua jina, mama yake akikataa kuuachia mto. Alichagua Aly, kwa kuwa katika ukoo wao hapajapata kuwa na Aly hata mmoja.

Saa nne ya asubuhi alikuwa langoni mwa hospitali. Mlinzi alimwonyesha kibao: wageni saa tisa alasiri. Alimsihi, mlinzi akamwambia kwa upole kwamba wodi ya njiti haina cha baba wala mjomba, saa tisa ni saa tisa. Akakaa chini ya ukuta. Saa tano na nusu simu ikalia. Alikuwa Atija, na hakuwa na utani.

"Fundi, rudi. Kinalia, mtaa mzima tunasikia. Na mama yako hajibu."

Alitazama lango. Alitazama jua. Akapanda pikipiki.

Bi Sumaia alikuwa amelala ubavu, mto ungali kifuani, na yeye amepungua katika usiku mmoja kiasi kwamba Abdurremane alipomwinua kichwa alikiona chepesi kama kibuyu. Titi lake, la mwanamke wa miaka sitini na tisa, lilikuwa limechubuka na kutoka damu. "Hashibi," alisema, midomo haigusani. "Mwanangu, hashibi."

Kilio kilijaa chumba, kikatoka kwenye chokaa mbichi, kikatoka kwenye mbao za kitanda, na Abdurremane alijua kwamba zimebaki saa tatu mpaka saa tisa na kwamba mama yake hana saa tatu, naye akaifungua kapulana, akauweka mto sakafuni, akainama upande ule ule wa kulia alioinamia siku ya saba, akasema, "Jina nililokupa nimelitwaa. Wewe si Suleimane. Wewe si mwanangu."

Kilio kilikatika. Kwa muda palisikika pumzi ndogo, ya haraka. Nayo ikakatika. Alingoja. Haikurudi. Alipouinua mto, ulikuwa sufi tupu.

Mwalimu Chaquir alimkuta anamnywesha mama yake uji. Alitazama mto, akamtazama Abdurremane.

"Hospitali umeshakwenda?"

"Walisema saa tisa, mwalimu. Mama angekufa."

Mzee alivaa viatu vyake, akatoka, na alipopita uani Atija alimsikia akimsomea Yasini mtu ambaye hakumtaja.

Saa tisa kamili Abdurremane aliingia wodini. Zuleica alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

"Njoo uone! Tangu adhuhuri ananyonya, hataki kuachia!"

Delfina alisimama kando na kadi ya mtoto. "Nimempima mara tatu. Elfu moja na mia tisa. Bila shaka mizani ya jana ndiyo iliyokosea." Alisema hivyo kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Kesho daktari atawapa alta, ruhusa ya kutoka. Mnakwenda nyumbani."

Abdurremane aliinama juu ya mtoto. Mashavu yalikuwa yamejaa. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama, si kama watazamavyo watoto, ambao hutazama mwanga, yalimtazama yeye. Akakaribisha kinywa kwenye sikio la kulia, akavuta pumzi, akaanza, "Allahu akbar..."

Mkono mdogo, wenye utepe wa karatasi, uliinuka taratibu ukaziba sikio.

Akahamia upande wa kushoto. Mkono wa pili ukainuka.

"Ona, anacheza na babake!" Zuleica alisema. "Delfina, umeona?"

Delfina alikuwa anaandika. "Mfunge kifuani kwa baba," alisema bila kuinua macho. "Kesho atasaidia kumbeba, ajifunze leo."

Zuleica akamfungua vifungo vya shati mumewe, akamlaza mtoto juu ya ngozi yake, akaizungusha kapulana mara mbili, akakaza fundo mgongoni. Kichwa kidogo kilijipanga chini ya kidevu cha Abdurremane, kikatulia. Yeye alisimama katikati ya wodi, mikono inaning'inia.

"Mshike, mume wangu," alisema Zuleica. "Mbona humshiki?"