Siri ya Kimeo cha Reverien

Kila asubuhi Vestina, mwanafunzi wa darasa la sita wa Heru Juu, alichota maji, akamnawisha uso mdogo wake Reverien, ndipo akaenda shule. Asubuhi hiyo Reverien hata kulia hakulia. Alikuwa amelegea, midomo imepauka, na alimeza mate kwa shida. Mama yao alikuwa sokoni Kasulu, kwa hiyo Bibi alimbeba mtoto mgongoni wakaelekea zahanati. Vestina alifuata nyuma.

"Nesi akiuliza, ni homa," Bibi alisema njiani. "Ukimtaja yule mzee wa jana, watatugombeza mbele za watu."

Jana yake mzee mmoja alimkata Reverien kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, eti kikohozi kiishe. Wanaofanya hivyo ni wengi, ila wakifika zahanati wote hufunga midomo.

Walimkuta Nesi Shadia peke yake. Alikuwa binti wa Kibondo mjini, ametoka chuoni juzijuzi, na huo ulikuwa mwezi wake wa kwanza kazini. Wenzake walikwenda kuchanja watoto, na mkuu wao, Tabibu Gharibu, alikuwa mkutanoni Kasulu. Shadia alipima malaria, hakuna. Akarudia, hakuna. Jasho lilimtoka, na baridi yote ile ya asubuhi.

"Bibi, mtoto ameanguka? Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana, mwanangu. Ni homa tu."

Shadia alishika simu, kisha akairudisha mezani. Wiki iliyopita alimpigia Tabibu kuuliza jambo dogo, naye pamoja na wauguzi wenzake wakamcheka hadi akakosa pa kuficha uso. Aliogopa kuchekwa tena.

Ghafla Reverien akatapika, matapishi meusi yenye mabonge ya damu. Shadia alisimama tu, asijue ashike nini. Vestina alimwona mtu mzima ameogopa kama yeye. Alimwogopa Bibi, lakini sasa aliogopa zaidi kurudi nyumbani bila mdogo wake. Akasogea mbali na Bibi.

"Dada nesi, jana alikatwa kimeo. Anameza damu."

Bibi akainamisha kichwa. Shadia alimulika koo kwa tochi, akaona damu inachuruzika. Hapo hapo akapiga simu.

"Tabibu, mtoto anavuja damu kooni. Sijawahi kuhudumia mgonjwa wa namna hii. Naogopa."

Tabibu hakucheka. Alimwelekeza amlaze mtoto kwa ubavu ili damu itoke nje, amwekee dripu, akamwambia gari la wagonjwa linakuja. Shadia alifanya yote kama alivyoelekezwa. Vestina alishika chupa ya dripu juu, akimwomba Mungu kimoyomoyo mpaka waliposikia mlio wa gari.

Hospitalini mjini Kasulu Reverien aliongezewa damu, akapona.

Mtoto aliporudi Heru Juu, Tabibu Gharibu aliwaita Bibi, Vestina na wauguzi wote. "Mtoto huyu nusura auawe na aibu," alisema. "Bibi, sikugombezi. Nesi wangu naye aliogopa kuniuliza, na kosa hilo ni letu tuliomcheka. Kuanzia leo anayeuliza hapa hachekwi. Vestina, wewe ulisema ukiwa unaogopa. Ukweli wa namna hiyo ndio mgumu."

Siku ya kliniki, kabla Shadia hajafungua kinywa, Bibi alisimama mbele ya kina mama.

"Msikate watoto vimeo," alisema, amempakata Reverien. "Na mkija hapa, semeni kila kitu. Mimi nilificha, na mjukuu wangu alikuwa anakufa mikononi mwangu."