Raketi ya Mjomba Ndolo

Haya yalimpata Mukai, rafiki yangu tunayeshona naye kiwandani Athi River. Alifika kwao Mwala asubuhi akitoka zamu ya usiku, miguu imevimba, akitaka kulala tu. Mama yake akamkabidhi raketi ya badminton ya marehemu mjomba Ndolo.

"Vijana wa kanisa wanatafuta raketi. Iangalie kama iko sawa, tuwape."

Ilikuwa ya mbao, kichwa kimefungwa kwenye kibano cha skrubu nne kisipinde. Ngozi ya mpini ilikuwa imebonyea mahali pa gumba na vidole viwili tu.

"Vidole vyake vingine vilikatwa na mashine ya kusaga," mama alisema. "Na bado alicheza."

Mukai alizikata na kuzitoa nyuzi zote, maana zilikuwa zimeoza, akapaka mbao mafuta, akabandua ngozi na kuzungushia mpini utepe mpya. Akairudisha kwenye kibano, akaifungia stoo isiyo na dirisha, akajitupa kitandani.

Usingizi ukimnyemelea, akasikia tak. Kimya. Tak. Kitu chepesi kilikuwa kikipigwa na nyuzi zilizokazwa vizuri, kule gizani stoo.

"Mwaitu, unasikia?" alimwita mama yake.

Mama alikuwa nje akichambua pojo. "Lala, mwanangu. Umechoka."

Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alipoamka saa kumi jioni, alifungua kufuli ya stoo. Raketi ilikuwa palepale kwenye kibano, matundu yake hayana uzi hata mmoja. Akaushika mpini. Utepe mpya ulikuwa umelowa jasho, bado una joto, na umebonyea mahali pa gumba na vidole viwili.