Antoni Chini ya Jeki

Gari lilizama ghafla. Juu palionekana pakavu kabisa, kumbe ni sabkha, ile chumvi ya pwani inayokauka juu na chini bado ni tope. Gurudumu la mbele likaingia lote. Na bahari ilikuwa pale tu, maji yanapanda.

"Umetumaliza, buda," Mwaura akasema akiruka nje.

Oloo akainama kutazama gurudumu. Yeye ndiye aliyewatoa wenzake wawili Mesaimeer, mtaa wa makanisa katika nchi hii ya Kiarabu ambako ibada ni Ijumaa. Kanisa lake la Othodoksi lilipata ikoni mpya, picha takatifu iliyochorwa ubaoni, ya Mtakatifu Antoni, mkaapweke wa jangwani, na Oloo alitaka kusali nayo jangwani kabla haijatundikwa. Mwaura, mlokole, alikuja kuona mchanga tu. Njia nzima walibishana kama ni halali kusali mbele ya picha.

"Zamani kuna wafalme walichoma picha kama hizi," Oloo alimwambia. "Watawa wakafungwa kwa kuzificha."

"Mimi sina kiberiti," Mwaura alijibu.

Sasa Cherotich, nesi aliyekuja nao, aliinua chupa ya maji. "Nusu. Kwa miguu na hili jua hatufiki barabarani. Lazima gari litoke."

Wakachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Wakaweka jeki. Ikazama yenyewe, gari limetulia tu. Maji yakagusa bampa la mbele.

"Chini ya jeki kunatakiwa kitu kigumu," Cherotich akasema. "Kipana."

Wote wakageukia gari. Kitu kigumu kilikuwa kimoja tu, kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa leso: ubao mnene wa ikoni. Mwaura alikuwa na neno mdomoni. Akalimeza.

Oloo akaileta mwenyewe, akaibusu. "Huyu aligawa mali yake yote ndipo akaenda jangwani. Hatakataa."

Akainama. Mwaura akamshika mkono. "Ngoja kwanza." Akavua shati lake la kanisani, akaizungushia ikoni, upande wa uso akakunja mara mbili. "Sasa weka."

Jeki ikashika. Gurudumu likapanda polepole. Wakajaza shimo mchanga mkavu na mazulia ya gari, wakatoa jeki, Oloo akaichomoa ikoni topeni. Cherotich akashika usukani, akarudi rivasi, wanaume wakisukuma, maji magotini, mpaka gari likapanda pakavu.

Jioni waliiona lami. Walipasiana maji, kila mtu funda moja, wakicheka ovyo. Mwaura alikaa kifua wazi, mabega yameungua, ikoni mapajani.

"Umeshakuwa Othodoksi?" Cherotich akamuuliza.

"Sijakuwa chochote. Hapo mbele kuna tuta, pita polepole. Huyu mzee wa jangwani amechoka."