Chumvi ya Ukuta wa Bi Dhahbia

Bi Dhahbia alinikuta nimebandika ulimi kwenye ukuta wake.

"Fundi," alisema kwa upole, kashika sahani ya tende, "mbuzi wangu nimewalisha. Wewe hukupewa kitu?"

Nilimweleza kwamba sisi wakarabati wa nyumba kuukuu ndivyo tunavyopima chumvi ya matofali, na kwamba nimelamba kuta kuanzia Isfahan hadi Kairouan bila mtu kulalamika. Akanisogezea tende, nitoe ladha mdomoni.

Nyumba yake ya shamba, nje kidogo ya mji wa Nefta, ukingoni mwa jangwa, ilijengwa karne mbili nyuma kwa matofali ya manjano yaliyopangwa kama nakshi za zulia. Sasa chumvi iliutafuna ukuta wa chumba chake cha kulala, naye aliniita kabla paa halijamwangukia. Niliukandika udongo mbichi, uinyonye chumvi yote.

"Chumvi hiyo babu aliitia makusudi," alinionya. "Alisema mna kitu humo, na chumvi ndiyo kufuli."

"Babu yako hakuwa na cheti, Bi. Mimi ninacho."

Siku ya tatu, adhuhuri, nikabandua udongo. Ukuta ulikuwa safi, ila ulinuka meno mabovu na maziwa yaliyochachia kwenye kiriba. Kisha nikasikia mtu akimeza mate. Nikadhani ni mimi. Nikagusa tofali, lilikuwa vuguvugu, lina vipele laini vilivyolowa, na kwa kuwa kazi ni kazi nikainama bila hata bismillahi, nikatoa ulimi nipime kama chumvi imekwisha, tofali likalegea, likajikunja, likasukuma, likanilamba kutoka kidevuni hadi puani, polepole, kama linalopima mimi nimebaki na chumvi kiasi gani, likaniachia ute mzito wenye nywele fupifupi ambao nusu yake nilikwisha kuumeza kabla sijajua ninachomeza.

Nilizitapika tende zote za asubuhi ile. Bi Dhahbia akasimama mlangoni.

"Bi," nilinong'ona, "limenilamba."

"Ulianza wewe."

Akaenda, akarudi akiburura gunia la chumvi, akaanza kuusugua ukuta kwa viganja huku akisoma Ayatul Kursi. Matofali yakatoa povu na kusinyaa kama konokono. Nikazitazama zile nakshi, matapishi bado ndevuni.

"Bi, ukiirudisha chumvi, ukuta huu utakuwa unga. Miaka ishirini tu, huna nyumba."

"Nina miaka themanini na moja," alisema. "Shika gunia."